Tokaido: Nani Aliyepanga Muda wa Safari?

Kutoka Daraja la Nihonbashi katikati ya Tokyo hadi Daraja la Sanjo mjini Kyoto, ukifuata njia ya kale iitwayo Tokaido, ni kilomita 492. Mtu wa kawaida wa karne ya 18, enzi ambazo Tokyo ilikuwa ingali ikiitwa Edo, aliitembea kwa siku 12 hadi 15. Reli ilipokamilika mwaka 1889, safari ikawa ya siku moja. Leo treni ya Shinkansen iitwayo Nozomi humfikisha abiria Kyoto kwa saa mbili na robo hivi. Tumezoea kuisikia habari hii kwa namna moja: kwanza miguu, kisha mvuke, kisha umeme, na kila chombo kipya kikiipunguza safari. Si uongo, ila jambo kubwa limeachwa nje. Ukiifuatilia historia ya njia hii kwa miaka 400, utaona kwamba muda wa safari kati ya miji hii miwili haukuamuliwa na kilomita, wala haukuamuliwa na chombo peke yake. Uliamuliwa na wenye mamlaka juu ya njia: nani apite upesi, nani asubirishwe, na gharama ya haraka hiyo aibebe nani.

Ushahidi unaanzia kwa Tokugawa Ieyasu, aliyeasisi utawala wa mashogun, yaani watawala wa kijeshi, wa ukoo wa Tokugawa. Baada ya kuwashinda mahasimu wake kule Sekigahara mwaka 1600, jambo mojawapo alilolifanya mapema kabisa lilikuwa kuipanga njia hii. Mwaka 1601 aliviagiza vituo vya Tokaido viweke farasi 36 kila kimoja, tayari kwa wasafiri wa serikali. Hatimaye vituo vikawa 53, na kufikia miaka ya 1640 kila kituo kilitakiwa kuwa na farasi 100 na wapagazi 100. Kuanzia 1604 vilijengwa vichuguu vya udongo kila baada ya ri moja, yaani karibu kilomita 4, vikapandwa miti juu yake ili msafiri ajue amefika wapi. Kandokando ilipandwa misonobari ya kivuli. Kwa macho ya nje hii ni barabara ya serikali inayowapenda wasafiri. Tazama lakini hao farasi walikuwa wa nani. Mtu mwenye hati ya shogun aliwapata bure. Mabwana wa majimbo, waitwao daimyo, waliwapata kwa bei iliyopangwa na serikali. Mfanyabiashara alipatana bei mwenyewe, tena baada ya wakubwa kuhudumiwa. Farasi wa kituo walipopungua, wanakijiji wa jirani waliamriwa kuja wao wenyewe na wanyama wao, kwa utaratibu ulioitwa sukego. Mkulima aliitwa kuacha mpunga wake wakati wa kupandikiza ili mzigo wa bwana usilale njiani. Kwa hiyo tangu mwanzo upesi wa mmoja ulitolewa katika siku za kazi za mwingine, na mzigo huo ulipozidi, watu waliasi: mwaka 1764 maelfu ya wakulima waliinuka kwenye Nakasendo, njia ya pili kati ya miji hii ipitayo milimani, serikali ilipotaka kuongeza wajibu huo.

Jambo linaloonyesha hoja hii waziwazi ni kwamba katika mwaka mmoja, juu ya udongo uleule, Edo na Kyoto zilikuwa na umbali wa namna kadhaa. Matarishi wa serikali walipokezana kituo hadi kituo, wawili wawili, mmoja amebeba sanduku la barua na mwenzake taa ya usiku, nao waliufikisha ujumbe kwa siku tatu hivi. Wafanyabiashara wa Osaka na Edo walikuwa na matarishi wao wa kulipia, waliokwenda kwa siku sita, na aliyetaka haraka zaidi aliongeza fedha. Mtu wa miguu alikwenda wiki mbili. Machi 1701, kwa kalenda ya kale ya Kijapani, bwana wa jimbo la Ako, Asano Naganori, alipoamriwa kujiua baada ya kumshambulia ofisa ndani ya ngome ya Edo, watu wake wawili walipanda machela za mwendo wa haraka kupeleka habari nyumbani. Walipita Tokaido nzima, wakaendelea magharibi hadi Ako, zaidi ya kilomita 600, wakafika chini ya siku tano wakiwa hoi, wapagazi wakibadilishwa mchana na usiku. Hakuna chombo kipya kilichovumbuliwa kwa ajili yao. Kilichokuwapo ni amri, fedha na mabega ya watu. Magurudumu nayo yalijulikana vizuri sana. Mikokoteni ya ng'ombe ilivuta mchele kati ya Otsu na Kyoto, na mwaka 1805 yalitandikwa mawe maalumu ya kupitishia magurudumu kwenye kipande hicho. Ila kwenye sehemu kubwa ya Tokaido safari ndefu haikufanywa kwa gari. Mizigo ilikwenda juu ya farasi na mabega, na vituo, vilivyoishi kwa kukodisha farasi na mabega, havikuwa na sababu ya kutaka vingine.

Kisha kulikuwa na malango ya ukaguzi. Lango la Hakone, lililowekwa mwaka 1619 kati ya mlima na ziwa, lilifunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Aliyechelewa alilala nje ya lango, hata kama miguu yake ilikuwa na nguvu ya kuendelea. Kwa jumla maofisa wa malango walitafuta hasa mambo mawili: bunduki zinazoingia Edo na wanawake wanaotoka. Sababu yake ni ya kisiasa moja kwa moja. Kwa sheria ya mwaka 1635 kila daimyo alitakiwa kuishi Edo kwa zamu, na anaporudi jimboni kwake mkewe na mrithi wake wanabaki Edo, rehani ya utii wake. Mke wa daimyo akitoroka kwenda nyumbani, huenda vita inanukia. Basi kila mwanamke aliyetoka Edo, hata yule asiyekuwa na uhusiano wowote na daimyo, alihitaji hati iliyoandikwa alikotoka, aendako na umbo lake, na pale Hakone walikuwapo wanawake walioajiriwa kumfungua nywele na kumkagua ili kuona kama anafanana na hati yake. Neno moja likikosewa kwenye hati, anarudishwa. Mwanamume aliyetembea naye hatua kwa hatua angeweza kuwa ameshapita kituo kinachofuata. Kwa mwanamke huyo Kyoto ilikuwa mbali zaidi, na umbali huo wa ziada haukupimwa kwa ri.

Lakini mahali ambapo muda wa safari ulionekana kwa macho kabisa ni Mto Oi, kati ya kituo cha Shimada na kituo cha Kanaya. Mto huu unashuka kutoka Milima ya Alpi ya Kusini ya Japani na kutawanyika kwenye kitanda kipana cha kokoto. Katika enzi yote ya Tokugawa msafiri wa Tokaido hapo hakuwa na daraja wala mashua ya kuvukia. Alivushwa na watu. Tangu mwaka 1696 kulikuwa na ofisi ya mto iliyopima kina kila asubuhi na kutangaza bei ya siku: maji yakifika mapajani bei ni ya chini, yakifika kiunoni inapanda, yakifika kwapani inakuwa karibu maradufu. Msafiri alinunua tiketi ya karatasi iliyotiwa mafuta isilowe, akampa mpagazi, naye mpagazi akaifunga kichwani kwenye nywele zake, akamweka msafiri shingoni, miguu ikining'inia kifuani, na kuingia majini. Mwenye fedha alikaa juu ya jukwaa la mbao lililobebwa na watu wanne au zaidi, na daimyo aliwekwa na machela yake juu ya jukwaa kubwa lililobebwa na kundi zima. Maji yakizidi kina cha sentimita 136 hivi, mto ulifungwa. Hapo hata tajiri alisubiri. Mvua za Juni zilipokuja, watu walijazana Shimada na Kanaya kwa siku nyingi, wakila akiba yao, na wenye nyumba za wageni wakipata mavuno. Mwishoni mwa enzi hiyo kila upande wa mto ulikuwa na wapagazi zaidi ya 600.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito, nalo linastahili kujibiwa kwa haki. Wapo wanaosema kwamba tumezoea mno kueleza kila kitu kwa siasa; Mto Oi ulikosa daraja kwa sababu haukujengeka. Maji yake hupanda ghafla, kitanda chake huhamahama, na mafuriko yangezoa nguzo zozote za mbao. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Maelezo ya zamani, kwamba shogun aliukataza mto daraja ili kuzuia majeshi ya magharibi yasiifikie Edo, yamerahisishwa kupita kiasi. Mambo ya ulinzi yalikuwapo, lakini jeshi lililovuka milima na vita halizuiwi na maji ya kiunoni. Hata hivyo ugumu wa ujenzi nao hautoshi kueleza. Kwanza, ukosefu wa daraja haulazimishi ukosefu wa mashua. Mto Tenryu, mkubwa na mkali vilevile, ulivukwa kwa mashua kwenye njia hiihii. Pili, penye nia palijengwa: kule Okazaki, alikozaliwa Ieyasu, Daraja la Yahagi, refu kuliko yote ya nchi wakati huo, lilibebwa na maji mara kadhaa na kila mara likajengwa upya kwa gharama ya serikali. Daraja la Rokugo, karibu kabisa na Edo, lilipobebwa na mafuriko mwaka 1688, halikujengwa tena, kikawekwa kivuko. Mito ilikuwa migumu yote, ila si yote iliyostahili gharama machoni pa serikali. Tatu, miji miwili ya Shimada na Kanaya ilikuwa imeshaota mizizi juu ya mabega ya wapagazi wake. Utaratibu ulioanza kwa sababu ya ulinzi, au ya ugumu, ulidumu kwa sababu ulilisha watu. Mimi naona hili la tatu ndilo lenye nguvu zaidi katika karne ya 18 na ya 19, na ndilo husahauliwa: si wakubwa tu wanaokuwa na faida katika ucheleweshaji.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Kama serikali ilikuwa ikizuia kiasi hicho, mbona njia ilijaa? Engelbert Kaempfer, daktari Mjerumani aliyesafiri na Waholanzi kwenda Edo mwaka 1691 na tena 1692, aliandika kwa mshangao kwamba Tokaido siku fulani ilikuwa na watu wengi kuliko mitaa ya miji mikubwa ya Ulaya. Mwaka 1830, katika wimbi la hija ya hekalu la Ise, watu zaidi ya milioni 4 waliingia barabarani kwa muda wa miezi michache, wengine wakitoroka kwa waajiri wao. Mwandishi Jippensha Ikku alianza mwaka 1802 kuchapisha visa vya wasafiri wawili wakorofi wa njia hii, vikapendwa kwa miaka mingi, na picha za mchoraji Hiroshige za vituo vya Tokaido za miaka ya 1830 ziliuzwa kwa watu wa kawaida kabisa. Yote ni kweli. Lakini wingi wa watu si upesi wa watu. Utawala wa Tokugawa haukuizuia safari, uliipangia mwendo. Hujaji aliruhusiwa kwenda, mradi aende kwa miguu, alale vituoni, asubiri mto, apishe msafara wa bwana na kuinama anapopita. Maelfu kwa maelfu walisafiri ndani ya mpaka huo na kuufurahia, na hakuna haja ya kuwafanya wote kuwa wahanga. Muda wa siku 12 au 15 ulikuwa wa hiari kwa kiasi: watu walikula mochi (keki ya mchele) ya kituo hiki na viazi vya kituo kile, wakatazama Mlima Fuji. Ni pale walipotaka kwenda upesi ndipo walipogundua kwamba upesi si wao.

Kuna ushahidi mwingine, wa ajabu kidogo, unaoonyesha kwamba polepole inaweza kuwa chaguo hata la mwenye nguvu zote. Mwaka 1863 shogun Iemochi alikwenda Kyoto, shogun wa kwanza kufanya hivyo kwa miaka 229. Alikuwa na farasi wote wa nchi chini ya amri yake, na safari ilichukua wiki tatu. Miaka mitano baadaye utawala wa Tokugawa ulikuwa umeanguka, na Mfalme Meiji, kijana wa miaka 16, aliondoka Kyoto tarehe 4 Novemba 1868 akaingia Tokyo tarehe 26, naye pia wiki tatu. Wote wawili walikwenda polepole kuliko muuza vitambaa wa kawaida. Msafara wa mfalme ulihitaji kuonekana, kusimama, kupokea salamu na kugawa zawadi njiani. Nchi ilikuwa ikionyeshwa mtawala wake mpya. Na kule Rokugo, ambako kwa miaka 180 wasafiri waliambiwa wapange foleni ya kivuko, mashua zilifungwa ubavu kwa ubavu zikawa daraja ili machela ya mfalme ipite. Njia ilijua kuharakisha na kujua kusubirisha kwa kadiri ya anayepita. Mwingereza Charles Lennox Richardson aliuawa juu ya Tokaido, karibu na kijiji cha Namamugi, Septemba 1862, kwa sababu yeye na wenzake hawakushuka farasi kuupisha msafara wa jimbo la Satsuma. Mwaka uliofuata manowari za Uingereza ziliipiga mizinga Kagoshima. Swali la nani apishe nani barabarani lilikuwa limekuwa swali la vita.

Basi ikaja reli, na hapa ndipo mpinzani wa hoja yangu anapojisikia nyumbani. Treni ya kwanza ilianza kati ya Shimbashi na Yokohama mwaka 1872, na tarehe 1 Julai 1889 njia yote ya Tokaido hadi Kobe ilikamilika. Safari nzima ikawa ya saa 20 hivi. Wiki mbili zikawa siku moja. Je, hilo si kazi ya mvuke tu? Mvuke uliwezesha, sikatai. Ila angalia ilivyoamuliwa treni ipite wapi. Mwaka 1883 serikali ilikuwa imeshachagua kuijenga reli kuu kwenye Nakasendo, milimani, kwa kuwa wakuu wa jeshi, Yamagata Aritomo akiwa mstari wa mbele, waliogopa reli ya pwani kupigwa mizinga kutoka baharini. Inoue Masaru, mkuu wa reli, aliyaona makorongo, akapiga hesabu za gharama na za muda, na mwaka 1886 akaishawishi serikali irudi pwani. Kwa miaka mitatu, saa za msafiri wa Tokyo na Kyoto zilikuwa mikononi mwa hofu ya jeshi, na laiti hofu hiyo ingeshinda, treni zingepanda milima kwa mwendo wa kuchosha hadi leo. Waliolipa mabadiliko ya zama hizo wanajulikana pia. Uvushaji wa mabegani ulifutwa mwaka 1870, kabla hata ya reli, na wapagazi wa Mto Oi wakapoteza riziki yao kwa mkupuo. Baadhi yao walipanda uwanda wa juu wa Makinohara, kando ya mto, kufyeka pori na kupanda chai, ambako waliokuwa maofisa wa shogun nao walikuwa wametangulia kwa kukosa kazi. Mwaka 1879 watu wa huko walijenga Daraja la Horai, la mbao, karibu mita 900, juu ya mto uleule uliosemwa haujengeki. Bado lipo, na watu bado hulivuka kwa miguu.

Upana wa reli nao ni sura ya kisiasa iliyodumu karibu miaka 100. Japani ilianza na reli nyembamba ya milimita 1067, upana uleule wa TAZARA yetu, kwa kuwa ilikuwa nafuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilishaonekana kwamba wembamba huo unabana mwendo wa treni kubwa za Tokaido. Mwanasiasa Goto Shinpei alipigania kuibadilisha njia kuu iwe pana. Mhandisi Shima Yasujiro alionyesha kwa majaribio mwaka 1917 kwamba kazi hiyo inawezekana bila kusimamisha safari. Wakashindwa. Chama cha waziri mkuu Hara Kei kilijua kwamba kura ziko vijijini, na kila wilaya ilitaka reli yake kwanza. Serikali yake ikaufunga mjadala mwaka 1919, na Shima akajiuzulu. Binafsi siwezi kumlaumu Hara moja kwa moja. Mkulima wa kaskazini asiye na reli kabisa ana haki ya kuuliza kwa nini fedha zitumike kumpunguzia saa mbili mtu wa Tokyo ambaye tayari ana treni. Lakini matokeo hayafichiki: ufundi ulikuwapo, na muda wa Tokyo na Kyoto haukubadilika kwa sababu nchi iliamua saa hizo zitumike kwingine.

Haraka iliyopatikana baadaye kwenye reli hiyohiyo nyembamba ilichimbwa kwa gharama kubwa. Handaki la Tanna, kilomita 7.8 chini ya milima ya Izu, lilianza mwaka 1918 kwa matarajio ya miaka 7 likachukua 16. Watu 67 walikufa humo, katika maporomoko na maji yaliyofumuka kwa nguvu. Tetemeko la Novemba 1930 liliupasua mwamba na kusogeza handaki lenyewe. Lilipofunguliwa mwaka 1934, safari ya Tokyo hadi Osaka kwa treni ya haraka iitwayo Tsubame ilikuwa saa 8. Juu ya handaki hilo kuna bonde la Tanna. Kabla ya uchimbaji lilikuwa na chemchemi nyingi, mashamba ya mpunga na vitalu vya wasabi, mmea unaotaka maji safi ya baridi yanayotiririka mwaka mzima. Handaki liliyanywa maji hayo. Chemchemi zikakauka, wasabi ikafa, wakulima wakaandamana, wakalipwa fidia, na hatimaye wakageukia ng'ombe wa maziwa. Maji hayakurudi.

Mwana wa Shima Yasujiro, Shima Hideo, ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa Shinkansen. Reli pana aliyoikosa baba ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo: saa 4 hadi Osaka, na mwaka uliofuata saa 3 na dakika 10. Mradi ulisaidiwa na mkopo wa dola milioni 80 wa Benki ya Dunia, na gharama zake zilifika yeni bilioni 380, karibu maradufu ya makadirio yaliyowasilishwa bungeni. Rais wa shirika la reli, Sogo Shinji, aliondoka madarakani mwaka 1963 kwa sababu hiyo, Shima akamfuata, na siku ya uzinduzi hawakuwa kwenye sherehe. Mwaka 1992 ilipokuja Nozomi, treni ya kwanza ya asubuhi iliondoka Tokyo saa 12 kamili ili ifike Osaka saa 2:30, wafanyabiashara wawahi kazini. Ili kuutimiza muda huo ilipita Nagoya na Kyoto bila kusimama. Kyoto, mji uliokuwa mwisho wa njia hii tangu karne na karne, ukapitwa dirishani. Kelele zilipigwa, hasa Nagoya, na mwaka 1997 mpango huo ukaachwa. Ni tukio dogo, lakini linasema jambo ambalo ratiba za treni hulificha: dakika anazopewa mmoja zimetoka mahali.

Sasa kampuni ya JR Tokai inajenga treni itakayoelea juu ya sumaku kwa mwendo wa hadi kilomita 505 kwa saa: dakika 40 kutoka Tokyo hadi Nagoya, dakika 67 hadi Osaka. Ufunguzi wa kipande cha Nagoya ulipangwa mwaka 2027. Njia inapita chini ya Alpi ya Kusini kwa handaki la kilomita 25, na kipande cha kilomita 10.7 hivi cha handaki hilo kiko katika mkoa wa Shizuoka, chini ya vyanzo vya Mto Oi. Mwaka 2013 tathmini ya kampuni yenyewe ilikadiria kwamba, bila hatua za kuzuia, mto ungepungukiwa na mita za ujazo 2 kila sekunde. Watu 620,000 hivi wanategemea maji yake, pamoja na viwanda na mashamba ya chai ya Makinohara. Gavana Kawakatsu Heita alikataa kutoa idhini ya kuchimba, na wakazi walikumbusha yaliyolipata bonde la Tanna. Machi 2024 kampuni ilitangaza kwamba mwaka 2027 hauwezekani tena.

Watetezi wa mradi walimshutumu gavana kwamba mkoa mmoja unaishika nchi nzima mateka. Wengine wakajibu kwamba vipande vya mikoa mingine navyo vilikuwa vimechelewa, hivyo Shizuoka ilibebeshwa lawama isiyo yake yote. Nadhani majibu hayo yote mawili yanakwepa kiini. Shizuoka ina vituo 6 vya Shinkansen ya Tokaido na Nozomi haisimami hata kimoja. Treni mpya nayo haitakuwa na kituo humo. Mkoa uliombwa uhatarishe maji yake ili watu wa Tokyo, Nagoya na Osaka wapate saa moja zaidi. Mtu anaweza kuamini, kama ninavyoamini mimi, kwamba reli hiyo ina manufaa kwa nchi na bado akaona kwamba swali liliulizwa kwa haki, na kwamba kampuni ilipaswa kulijibu kabla ya kuahidi mwaka wa ufunguzi. Safari hii mto haukufungwa na ofisi ya shogun iliyopima kina asubuhi. Ulifungwa na watu wa bondeni waliodai kipimo cha kina wenyewe, na hilo ni badiliko kubwa kuliko kasi yoyote katika miaka 400 ya Tokaido. Baada ya Kawakatsu kuondoka mwaka 2024, gavana mpya, Suzuki Yasutomo, ameendelea na mazungumzo kuhusu namna ya kurudisha maji mtoni. Na kwa msafiri anayetoka Tokyo kwenda Kyoto, ramani iliyopo haibadilishi chochote moja kwa moja, kwa sababu njia iliyopangwa baada ya Nagoya inaelekea Osaka kupitia Nara. Viongozi wa Kyoto wameomba ipindishwe ipite kwao. Ombi hilo halijakubaliwa.